Koltani, Sumaku na Fundo Linaloitwa Skirmioni

Memori ya simu ikijaa tunafuta picha, maisha yanaendelea. Lakini suala la mahali pa kutunza data limesumbua watu miaka mingi, na historia yake inapita karibu na kwetu kuliko tunavyofundishwa.

Miaka ya 1950 kompyuta zilikumbuka kwa vipete vidogo vya sumaku vilivyoshonwa kwenye nyaya kwa mikono, na washonaji wengi walikuwa wanawake. Kipete kimoja, alama moja: 0 au 1. Mwaka 1956 IBM ikaleta diski. Mashine nzima ilikuwa na uzito wa karibu tani moja, ikatunza herufi kama milioni 5 tu. Picha chache za simu yako zingeijaza! Tangu hapo sumaku zimepunguzwa na kupunguzwa, ila zikizidi udogo, joto tu linazigeuza na data inapotea.

Sasa skirmioni. Jina limetokana na Tony Skyrme, mwanafizikia Mwingereza, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa anawaza kiini cha atomu, wala si kompyuta. Alifariki 1987. Mwaka 2009 watafiti wa Munich wakakuta mafundo yaliyopewa jina lake ndani ya sumaku ya mangani na silikoni, kwenye baridi ya nyuzi kama 245 chini ya sifuri.

Hebu waza utando mwembamba ambamo kila atomu ni sindano ya dira, zote zikielekea juu. Mahali pamoja sindano ya katikati inaelekea chini, na zinazoizunguka zinapinda kidogo kidogo mpaka za pembeni zinatazama juu tena. Ni fundo, halifunguki kirahisi. Likiwepo ni 1, lisipokuwepo ni 0. Mwaka 2013 Albert Fert, mshindi wa Nobel wa 2007, na wenzake wakaeleza namna ya kuyapanga kwenye mstari kama shanga na kuyasukuma kwa umeme.

Halafu 2015, kwenye maabara ya Argonne karibu na Chicago, skirmioni zikatengenezwa bila baridi kali, zikitoka kwenye njia nyembamba kama mapovu ya sabuni. Utando wenyewe? Kobalti, chuma na boroni, juu ya tantali yenye unene wa nanomita 5. Atomu nzito za tantali ndizo zinazopindisha sindano, na umeme unaopita humo ndio unaosukuma.

Tantali inatoka kwenye koltani. Kobalti, Kolwezi. Wazee wa Masisi wanakumbuka mwaka 2000, bei ya koltani ilivyopanda ghafla na watu wakaacha mashamba wakashika sepetu. Makala ya sayansi hutaja unene wa tantali. Kilima hakitajwi.

Kazi haijaisha. Mwaka 2017 ilionekana kwamba skirmioni ikisukumwa haiendi moja kwa moja. Inapinda kama mpira uliopigwa kwa kuzungushwa, mpaka inagonga ukingo. Fizikia ya maada kama hii inasomwa hapahapa Kigali, kwenye taasisi ya EAIFR iliyoanzishwa 2018 ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Ni ngazi ya masters, kwa hiyo digrii inatangulia, na kabla ya digrii kuna vyeti vya sekondari. Vya wengi wetu vilibaki ndani ya nyumba tulizokimbia.