Usajili na benchi: Kwa nini klabu za mwambao wa Tanganyika hubaki bila akiba

Mchezaji anapoingia uwanjani dakika ya 70, mashabiki huuona kuwa ni uamuzi wa kocha. Kwa klabu za soka za Burundi, kuanzia Bujumbura hadi Rumonge, uamuzi huo mara nyingi huwa umekwisha kufanywa miezi kadhaa kabla, katika dirisha la usajili, pale inapojulikana nani anabaki na nani anavuka mpaka.

Uzito wa benchi

Umuhimu wa wachezaji wa akiba umeongezeka. Mwaka 2020, wakati wa janga la Corona, bodi ya sheria za soka duniani, IFAB, iliruhusu kwa muda timu kubadilisha wachezaji watano badala ya watatu. Mwaka 2022 ruhusa hiyo ikawa ya kudumu. Mabadiliko hayo hufanywa katika vipindi visivyozidi vitatu, mapumziko yasihesabiwe, na katika mashindano ya ngazi ya juu aliyetolewa harudi tena.

Hivyo kocha anaweza kubadilisha nusu ya wachezaji wake kumi wa ndani. Anayenufaika zaidi ni yule ambaye benchi lake halipishani sana na kikosi cha kwanza.

Mfano wa Vital'O

Vital'O ya Bujumbura, klabu yenye mataji mengi zaidi ya ligi nchini Burundi, ilitwaa Kombe la Kagame mwaka 2013 nchini Sudan kwa kuifunga APR ya Rwanda mabao 2-0 katika fainali. Haukupita muda, mshambuliaji wake Amissi Tambwe akajiunga na Simba ya Tanzania. Msimu wa 2013/14 akawa mfungaji bora wa ligi ya huko kwa mabao 19, kisha akarudia heshima hiyo msimu wa 2015/16 akiwa Yanga, kwa mabao 21. Mwaka 2016, Laudit Mavugo naye alitoka Vital'O kwenda Simba.

Agosti 2024, Vital'O ilikutana na Yanga katika hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ilifungwa 4-0, kisha 6-0. Hata mechi yake ya nyumbani ilichezwa Dar es Salaam. Pengo la vikosi, na si la kikosi cha kwanza pekee, lilikuwa wazi.

Mkataba ndio kinga

Kwa kanuni za FIFA, mchezaji wa kulipwa aliyebakiza miezi sita au pungufu katika mkataba wake yuko huru kuzungumza na klabu nyingine na kutia saini. Mkataba ukiisha, huondoka bila ada ya uhamisho.

Akiuzwa nje ya nchi kabla ya mkataba kuisha, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Pasipo ada, hakuna cha kugawana.

Maana yake kwa Rumonge

Rumonge, mji wa bandari ulio umbali wa takriban kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, unajulikana kwa samaki na mafuta ya mawese. Kwa klabu ya mji kama huo, hatari ni maradufu: kijana hodari huweza kuchukuliwa kwanza na klabu za Bujumbura, kisha na za nchi jirani.

Klabu ndogo haiwezi kushindana kwa mishahara. Inachoweza ni kuandika mkataba mapema, kutunza kumbukumbu za usajili wa vijana ili idai mgawo wake baadaye, kudai sehemu ya mauzo yajayo, na kuwapa chipukizi dakika za kucheza kabla nyota hajaondoka. Wahenga walisema akiba haiozi. Katika soka, akiba hiyo huwekwa kabla ya kipenga cha kwanza cha msimu.