Kabla Hujapiga Hema Morningside, Jua Nani Alibeba Mizigo

Ijumaa jioni, Dar. Familia inapakia Noah: hema la kuazima, godoro la sponji, jiko la mkaa, kuku waliokwisha kuungwa, katoni mbili za maji. Baba anataka wawahi foleni ya Kimara. Mama anauliza kwa mara ya tatu kama kiberiti kimewekwa. Watoto wao shida yao ni moja tu, simu ziwe na chaji.

Safari ya Morogoro siku hizi imekuwa fasheni. Unapita Kibaha, Mlandizi, unanunua kitu Chalinze, na ukifika Mikese unaanza kuiona Uluguru upande wa kushoto imevaa mawingu. Wengi wanasema kupiga kambi ni mambo ya wazungu. Kumbe njia hii watu wameilalia kambi tangu karne ya 19, na wala hawakuwa wazungu.

Turudi nyuma kidogo. Misafara ya Bagamoyo kwenda bara ilipita pande hizi. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba nguo, shanga na waya kichwani na begani kuingia bara, wakarudi pwani na pembe za ndovu. Kila jioni ilikuwa kambi: kuni, maji, uji, kulala. Wengine walisafiri na wake zao na watoto. Kwa hiyo kama unatafuta familia ya kwanza kupiga kambi kwenye barabara hii, usitafute kwenye Instagram.

Mji waliokutana nao chini ya mlima uliitwa Simbamwene. Uliasisiwa na mbabe aliyejulikana kama Kisabengo, na mwaka 1871 mwandishi Stanley alipopita akimtafuta Livingstone, alikuta mji wenye ukuta wa mawe na minara, na mtawala wake alikuwa mwanamke, binti wa Kisabengo. Stanley alikuwa ametembea wiki kadhaa kutoka Bagamoyo, tena kwenye masika. Alipopita tena mwaka 1872, mafuriko yalikuwa yamebomoa sehemu ya ule ukuta. Mlima ulikuwa umeshusha maji. Hiyo kumbuka, tutairudia.

Wajerumani nao wakaja na reli. Ilianza Dar mwaka 1905, mwaka 1907 ikawa imefika Morogoro. Safari ya wiki ikawa ya siku moja. Hapo ndipo kupumzika mlimani kulipoanza kuwa starehe. Walijenga nyumba juu kule kwenye baridi, ndiyo Morningside yenyewe unayoenda kupigia picha. Kutoka mjini ni mwendo wa saa mbili tatu kwa miguu, inategemea mapafu yako. Sasa jiulize: saruji, mabati, vitanda, vilipandaje? Kwa vichwa vya watu. Mmoja anapanda kupumzika, mwingine anapanda na mzigo.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilifanya jambo hilo kuwa baya zaidi. Agosti 1916 majeshi ya Mwingereza yaliingia Morogoro, na Wajerumani wakarudi nyuma kupitia milima hii kuelekea Kisaki. Pande zote mbili zilitegemea wapagazi. Katika vita ile Afrika Mashariki, wapagazi walikufa kwa makumi elfu, zaidi kwa njaa na magonjwa kuliko risasi. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Halafu ikaja 1955. Serikali ya Mwingereza ilikuwa inawalazimisha Waluguru kuchimba ngazi mashambani, eti kuzuia mmomonyoko. Wazo halikuwa baya kwenye karatasi. Shida ni kwamba sehemu nyingi udongo mzuri ulifukiwa chini, mazao yakadorora, na kazi ilikuwa ya lazima. Tena Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, ardhi inapitia huko huko, kwa hiyo ukigusa shamba umegusa ukoo mzima. Watu wakagoma. Julai mwaka ule kule Matombo polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mradi ukafa naye. TANU, iliyokuwa na mwaka mmoja tu, ikapata wafuasi kibao milimani.

Leo ukianza kupanda kwa barabara ya Boma asubuhi, utapishana na akina mama wanashuka na matenga ya mboga, ndizi na stroberi kichwani, wanawahi soko kuu linaloitwa Chifu Kingalu. Mtoto wa Dar aliyekwisha kuhema atasema, "Shikamoo bibi." Ataitikiwa, "Marahaba mjukuu wangu, pandeni taratibu." Bibi hasimami. Ana safari ya kurudi pia, na yeye hajaja kupumzika.

Usafiri nao umebadilika tena. Juni 2024 treni ya SGR ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro, chini ya saa mbili umefika. Maana yake watu wa kupanda wataongezeka, na hapa ndipo kiberiti cha mama kinapoingia.

Mito inayotoka Uluguru inaulisha Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar. Mwaka 2022 Ruvu ulipopungua, Dar iliingia kwenye mgao, watu wakalala na ndoo barabarani. Msitu huu ni hifadhi ya asili tangu 2008, una ndege asiyepatikana pengine popote duniani, lakini kiangazi moto mmoja ulioachwa na wapiga kambi unatosha kuula. Msitu ukiungua, kinachokauka ni bomba la Dar.

Kwa hiyo nendeni, tena na watoto. Mchukue mwongozaji wa pale pale, na mkimbebesha mzigo mlipeni vizuri, msimuombe punguzo la elfu mbili wakati mmetoka kula chipsi za elfu kumi Chalinze. Takataka shukeni nazo. Na asubuhi kabla ya kukunja hema, mwageni maji kwenye jivu mpaka liache kutoa moshi. Hayo maji yenyewe yametoka mlima huo huo.