Ushonaji wa vitu vya nyumbani kwa wanaoanza, Kabuga

Kabuga ni mji mdogo wa biashara katika tarafa ya Rusororo, wilaya ya Gasabo, mashariki mwa jiji la Kigali, kwenye barabara kuu iendayo Rwamagana na Kayonza. Kama ilivyo katika vituo vingi vya biashara nchini Rwanda, kijana anayetaka kujua cherehani huanzia kwa fundi wa barazani au katika chuo cha ufundi. Hatua yake ya kwanza, kabla hajagusa nguo ya mteja, inafaa iwe kwenye vitu vya nyumbani: mfuko, foronya, kitambaa cha meza, pazia.

Vitu hivyo vina kingo zilizonyooka, havina shingo wala mikono, na havipimwi mwilini. Sentimita mbili zikipotea kwenye blauzi, mwenyewe haingii. Zikipotea kwenye kitambaa cha meza, ni nadra mtu kugundua. Mfuko unafaa zaidi kuwa kazi ya mwanzo, na hapa sheria imechangia. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza vitu vingine vya plastiki vinavyotumika mara moja tu. Mwanafunzi akimaliza mfuko wake leo, kesho mama yake anaweza kwenda nao sokoni, na mishikio isiyofungwa vizuri itajulikana huko huko.

Wanafunzi wadogo huanza na sindano ya mkono: kupiga bandi, kukunja pindo, kutia kifungo. Cherehani ya miguu husubiri hadi nyayo zifike vizuri kwenye kanyagio. Hata hapo uzi hauwekwi kwanza. Mwanafunzi hupewa karatasi ya daftari na kufuatisha mistari yake kwa sindano tupu, matundu yakimwonyesha alipopotoka. Shabaha ni miguu kuzoea mwendo mmoja. Gurudumu likirudi nyuma, uzi hujisokota chini ya kitambaa na kukatika, jambo linalowakatisha tamaa wanagenzi kuliko ugumu wa kukata. Mwalimu anayeruka zoezi hili atashinda akifumua nyuzi.

Foronya ndiyo darasa kamili, kwani ina vipimo, pindo, mkunjo na mshono, bila zipu. Kwa mto wa sentimita 50 kwa 70 hukatwa kipande kimoja cha 53 kwa 164. Kila ncha fupi hupigwa pindo la sentimita 2, zikabaki 160: 70 za mbele katikati, 70 za nyuma upande mmoja na 20 za mfuniko upande mwingine. Kitambaa hutandazwa uso ukitazama juu. Sehemu ya nyuma hukunjwa kwanza juu ya ile ya mbele, ndipo mfuniko ulale juu yake. Kisha pande mbili hushonwa kwa kuacha sentimita 1.5, na foronya hupinduliwa. Anayeanza na mfuniko huukuta umetokea nje. Kitenge kina upana wa karibu sentimita 115, hivyo vipande viwili hukaa ubavu kwa ubavu, na kitambaa cha yadi 6 hutoa foronya sita na kuacha baki la mfuko mdogo. Hesabu hiyo ifanywe na mwanafunzi mwenyewe, mkasi ukiwa bado mezani.

Nje ya darasa, ushonaji umekuwa suala la taifa: mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo ili kuinua nguo za ndani, na Julai 2018 Marekani ikajibu kwa kusimamisha nafuu ya ushuru kwa mavazi yatokayo Rwanda.  Hata hivyo viwanda vya nguo vya eneo maalumu la kiuchumi la Masoro, kati ya Kabuga na katikati ya jiji, humpa mfanyakazi mshono mmoja wa kurudia siku nzima. Fundi wa barazani hulazimika kujua kitu kizima, kuanzia chaki hadi pasi. Mfano wa njia hii ya pili ni Kituo cha Wanawake cha Nyamirambo, mtaa wa Kigali, kilichoanzishwa mwaka 2007 na wanawake 18, ambacho huuza mifuko na mapambo ya nyumbani yaliyoshonwa kwa vitenge na wanawake wa mtaa huo.

Baada ya foronya huja aproni, yenye kingo za mviringo na kamba za kufunga, kisha mto wa kochi wenye zipu. Sketi ya lastiki kiunoni ndiyo nguo ya kwanza ya kuvaa, maana bado haihitaji kipimo kamili cha mwili.