Usahili si Mazoea: Wembe wa Ockham na Homa za Moshi

Kati ya maelezo mawili yanayolitosheleza jambo lile lile kwa kiwango kimoja, chagua lenye dhana chache. Hivyo ndivyo inavyofundishwa kanuni iitwayo wembe wa Ockham, na ikitajwa kwa ukamilifu huo ni vigumu kuipinga. Matatizo huanza pale sharti la kutosheleza linapodondoka njiani, kikabaki kipande kinachosema tu kwamba maelezo mepesi ndiyo ya kweli. Makala haya yanadai kuwa kipande hicho ndicho kitumikacho zaidi kazini, na kwamba kinachotetewa kwacho mara nyingi si usahili bali mazoea.

Tuanze na mwenye wembe. William wa Ockham, mtawa wa Shirika la Mt. Fransisko aliyeutoroka mji wa Avignon mwaka 1328 baada ya kukosana na Papa na kufariki Munich mwaka 1347, hakuiandika kauli ya Kilatini inayonukuliwa kwa jina lake. Kauli hiyo huhusishwa na John Punch, Mfransisko wa Ireland, katika maandishi ya mwaka 1639. Alichokishikilia Ockham ni kwamba tusidai kuwapo kwa kitu bila sababu ya kutulazimisha: hoja ya kiakili, tajiriba, au Maandiko. Hakusema kwamba ulimwengu wenyewe ni sahili. Kwake yeye Mungu aweza kutumia njia nyingi kufanya ambalo lingefanyika kwa chache, na hutenda hivyo. Kanuni yake, basi, inampangia mtu mzigo wa ushahidi: anayeongeza ndiye adaiwaye. Haitoi ahadi yoyote kuhusu maumbile.

Historia ya unajimu wa kisayansi inaonyesha jinsi kuhesabu dhana kulivyo kugumu. Sayari ya Uranusi ilipoonekana kukengeuka njia iliyotabiriwa kwa kanuni za Newton, Urbain Le Verrier wa Paris alipendekeza kuwa ipo sayari nyingine isiyojulikana inayoivuta. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1846, Johann Galle aliielekeza darubini ya Berlin mahali alipoambiwa, akaikuta Neptuni ndani ya digrii moja. Mwaka 1859 Le Verrier aligeukia Zebaki, ambayo mzunguko wake ulikuwa na ziada ndogo isiyoelezeka, iliyokuja kupimwa kuwa sekunde 43 za pembe kwa karne. Akatoa jibu lile lile: kuna sayari karibu na Jua. Ikapewa jina Vulcan kabla ya kuthibitishwa. Watu waliitafuta kwa miongo kadhaa, na ilipokosekana, mng'ao wa Jua ukapewa lawama, au udogo wa sayari yenyewe, au pengine si sayari moja bali kundi la vimondo. Mwezi Novemba 1915 Albert Einstein alizipata sekunde hizo 43 kutoka kwenye nadharia yake ya mvutano, bila kuongeza gimba lolote wala kurekebisha tarakimu yoyote ili hesabu ikubali.

Lipi lilikuwa jibu sahili? Kwa wepesi wa hesabu, Vulcan ilishinda kwa mbali. Kwa idadi ya visingizio vilivyohitajika kuitunza, ilikuwa nadharia nzito kuliko zote. Lakini mwaka 1859 hakuna aliyeweza kuliona hilo, na Le Verrier alikuwa na kila haki ya kujaribu tena mbinu iliyompa Neptuni. Kosa lilikuja baadaye, katika kuendelea kuiita rahisi dhana iliyokwisha kuongezewa viraka.

Viraka vya aina hiyo tunavyo nyumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi kati ya mwaka 2007 na 2008. Zaidi ya asilimia 60 walikuwa wametajwa na matabibu kuwa na malaria. Vipimo vya kina viliithibitisha malaria kuwa chanzo cha homa kwa chini ya asilimia 2. Miongoni mwa waliobaki walikuwamo wenye bakteria katika damu, leptospirosi, homa ya Q, bruselosi na magonjwa mengine yanayotoka kwa mifugo na panya, na chikungunya pia, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika katika mlipuko wa mwaka 1952.

Mtetezi atasema tabibu alifuata wembe: homa moja, ugonjwa mmoja unaojulikana. Tuzihesabu dhana zake. Alipaswa kuamini kwamba mji ulio kwenye miteremko ya Kilimanjaro una maambukizi kama ya bonde la joto. Hadubini isipoona vimelea, aamini kwamba mtaalamu wa maabara amekosea. Na kweli, tafiti za Tanzania za miaka hiyo zilikuta wagonjwa wengi wenye majibu hasi wakipewa dawa ya malaria vilevile. Mgonjwa asipopona, aamini kwamba vimelea ni sugu. Hii ni Vulcan kwa mara ya pili. Baya zaidi, hata imani kwamba malaria ndiyo homa ya kawaida ilitoka kwenye takwimu zilizojazwa na utambuzi wa namna hiyo hiyo. Daftari liliandika malaria kwa sababu tabibu aliidhania, na tabibu aliidhania kwa sababu daftari lilikwisha kuiandika.

Tuwatendee haki matabibu, hata hivyo. Miongozo ya miaka ya 1990 iliyotaka mtoto mwenye homa katika maeneo ya malaria atibiwe malaria bila kusubiri kipimo haikudai kwamba jibu jepesi ni la kweli. Zahanati nyingi hazikuwa na hadubini, na malaria kali huua mtoto kwa siku chache. Ulikuwa uamuzi kuhusu gharama ya kukosea, na kwa wakati wake ulikuwa na mantiki. Ulipozoeleka, ukaanza kuchukuliwa kama maarifa. Shirika la Afya Duniani lilibadili msimamo mwaka 2010, likataka wagonjwa wa rika zote wapimwe kwanza.

Lakini jibu chanya nalo si mwisho wa swali. Katika maeneo yenye maambukizi makali, watu wengi hubeba vimelea bila kuugua, na mtoto mwenye vimelea aweza kuwa anauawa na bakteria. Hapo jibu moja halitoshelezi vielelezo vyote, na wembe haujapata ruhusa ya kukata.

Kipimo cha haraka cha malaria kilipoenea, matumizi ya dawa za malaria yalipungua mahali pengi. Tafiti kutoka nchi kadhaa za Afrika zinaonyesha kwamba kwa wagonjwa wenye majibu hasi, antibiotiki ziliongezeka. Kipimo kinamwambia tabibu ugonjwa usiokuwepo. Kwa leptospirosi na homa ya Q zahanati yake haina kipimo cha kuaminika, na foleni iko mlangoni. Anaandika maambukizi ya bakteria, anatoa vidonge, na daftari jipya linaanza kujaa.