Osuofia, Papa Wemba na Yule Aliyevua Viatu

Jumamosi moja ya mwaka jana tuligombana kituoni kwetu. Si kwa sababu ya chakula wala foleni ya maji. Kwa sababu ya filamu. Ninaongoza kikundi cha vijana hapa Rubavu, na utaratibu wetu ni huu: projekta ikipatikana na umeme ukikubali, kila anayetaka filamu yake ionyeshwe anasimama mbele ya wenzake kuitetea. Dakika mbili tu. Halafu tunapiga kura kwa kunyoosha mikono. Siku hiyo tulikubaliana iwe filamu ya kuchekesha, maana wiki ile habari za nyumbani hazikuwa nzuri na hakuna aliyetaka kuona tena watu wakipigana risasi.

Vijana wa Goma wakataka Osuofia in London. Wale wanaotoka Gisenyi mjini kuja kucheza mpira na sisi wakataka chochote, ilimradi kiwe agasobanuye. Mzee mmoja wa Birere, ambaye si kijana lakini hakosi hata Jumamosi moja, akasimama akasema: "Nyinyi munasema filamu? Munajua La Vie est Belle? Ile njo filamu." Wakamzomea kwa mapenzi. Mmoja akamwambia, "Papa, ile iliisha kitambo, hata kanda yake imeliwa na panya." Mzee hakukaa chini. Akasimulia karibu filamu nzima, dakika kumi na zaidi, na watu wakacheka kabla hawajaona picha hata moja.

Usiku nikawa nafikiria jambo ambalo sikuwahi kulitazama. Filamu mbili zilizogombaniwa, ya Mnigeria na ya Mkongo, zina mzizi mmoja: mtu anatoka kijijini, anafika mjini, hajui kitu, na sisi tunacheka. Nikaanza kutafuta. Nina simu, na rafiki anayesoma sana, kwa hiyo nilichopata nawaletea.

Nianze na ya mzee. La Vie est Belle ilitoka mwaka 1987. Waliiongoza wawili, Mbelgiji Benoît Lamy na Mkongo Mweze Ngangura, na huyu Ngangura alizaliwa Bukavu mwaka 1950, yaani ni mtu wa ziwa letu hili hili. Papa Wemba ndiye Kourou, kijana wa kijijini anayekwenda Kinshasa akitaka kuwa mwanamuziki. Anaishia kuwa boi nyumbani kwa tajiri mwenye klabu ya muziki. Anampenda msichana aitwaye Kabibi, na tajiri naye anamtaka huyo huyo awe mke wa pili. Pepe Kallé yumo pia, na mwili wake ule. Sasa hapa ndipo mzee wa Birere alikuwa na hoja ambayo vijana hawakuisikia kwa kelele: katika filamu ile mgeni anachekesha, lakini anayechekwa zaidi ni tajiri, na mwisho mgeni anapanda jukwaani kuimba. Ngangura alirudia mambo hayo mwaka 1998 katika Pièces d'identités, safari hii ni mfalme mzima kutoka Kongo anayekwenda Ubelgiji kumtafuta binti yake, anafika Brussels na mavazi yake ya kifalme, na huko hakuna anayemjua kuwa mfalme. Filamu hiyo ilishinda tuzo kubwa ya FESPACO, kule Ouagadougou, mwaka 1999.

Osuofia in London ni ya mwaka 2003, ya Kingsley Ogoro. Nkem Owoh ni mwindaji wa kijijini ambaye ndugu yake amefia Uingereza na kuacha mali. Anaifuata. Mnakumbuka wote anavyowaona njiwa wa London: nyama yote hii inatembea barabarani na hakuna anayeikamata! Goma nzima ilimjua Osuofia. Mimi nilikuwa mtoto, sikuelewa Kiingereza chake, na nilicheka mpaka nikaumwa tumbo.

Lakini mgeni mshamba katika filamu zetu ni wa zamani kuliko Nigeria. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya Waingereza kule Tanganyika ilitaka filamu za Waafrika, na kampuni moja ya Afrika Kusini ikapewa kazi ya kuzitengeneza. Mojawapo iliitwa Muhogo Mchungu, habari za mtu wa shamba anayefika mjini na kulaghaiwa. Na nyota wake ni nani? Rashidi Kawawa, yule yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Niliposoma hivyo niliinuka nikaenda kumwamsha jirani yangu nimwambie. Hakufurahi. Watanzania mpaka leo wana msemo wao: ukitapeliwa, wanasema umeingizwa mjini. Yaani kufika mjini na kuibiwa ni neno moja.

Upande wetu, Goma ilikuwa Kongo ya Wabelgiji, na Gisenyi ilikuwa Ruanda-Urundi, lakini bwana alikuwa mmoja. Filamu aliyoruhusiwa Mwafrika kuitazama ilipaswa kupitishwa kwanza na wakaguzi. Wazungu wa wakati huo, Wabelgiji na Waingereza, waliamini kwamba Mwafrika picha ikienda haraka haielewi, kwa hiyo atengenezewe zake, za polepole, zenye funzo. Wamisionari wakaingia kazini. Kule Kasai, padri mmoja Mbelgiji, Albert Van Haelst, alitengeneza miaka ya 1950 filamu za wachekeshaji wawili, Matamata na Pilipili. Watu huwaita Laurel na Hardy wa Kongo. Mwaka 1996 Tristan Bourlard alitengeneza filamu ya kweli kuhusu hao wawili na huyo padri.

Nilijiuliza: watu waliokuwa wakicheka uwanjani kwa mapadri, walikuwa wanacheka pale padri alipotaka? Sidhani. Nimeona hapa kituoni. Tukiwekewa filamu ya mafunzo kuhusu kunawa mikono, watu hucheka sana, na hakuna hata mahali pamoja ambapo aliyeitengeneza alikusudia kuchekesha. (Ndugu wafanyakazi wa mashirika, msiudhike. Mikono tunanawa.)

Hapa niseme kidogo kuhusu agasobanuye, kwa faida ya walio wageni Rwanda. Kwa Kinyarwanda ni kitu kilichofafanuliwa. Filamu ya nje inachezwa, na msimulizi anaongea juu yake tangu mwanzo mpaka mwisho, anafasiri, anaongeza, anatania. Nkusi Thomas, aliyejulikana kwa jina la Yanga, ndiye aliyekuwa maarufu kuliko wote, na alipofariki mwaka 2021 watu waliolia walikuwa wengi kuliko wanaolilia waigizaji wenyewe. Uganda wana VJ Jingo, Kenya wana DJ Afro, Tanzania walikuwa na Lufufu. Kikundi chetu kilibishana sana hapa. Msichana mmoja alisema agasobanuye ni uongo, mtu anakuuzia maneno ambayo hayamo. Mwingine akamjibu kwamba kwenye agasobanuye mgeni ni Mmarekani: yeye ndiye anayelazimishwa kuongea kama sisi, anatembea New York na kuongea kama kondakta wa basi. Hoja hiyo iliniingia. Kwa kawaida ni sisi tunaotafutiwa mkalimani.

Sawa. Sasa niseme kilichonifanya niandike, maana mpaka hapa naonekana kama mtu aliyesoma tu.

Miezi michache kabla ya ugomvi wetu alifika kijana kutoka Masisi. Miaka kama kumi na tano. Nilimpeleka Gisenyi mjini kununua daftari, na wengine wanne. Tulipofika kwenye duka moja lenye vigae vinavyong'aa, sisi tuliingia. Yeye alisimama mlangoni, akavua ndala zake, akazishika mkononi, akaingia peku. Aliona sakafu safi, akafanya alivyofundishwa na mama yake. Muuza duka hakusema kitu. Mimi ndiye niliyesema. Jioni, mbele ya kikundi, niliisimulia kwa mbwembwe, nikaigiza anavyozishika zile ndala kama mtu aliyebeba samaki, nikamalizia: "Jamani, Osuofia amefika London." Watu walianguka. Naye alicheka.

Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Osuofia. Foleni ya chakula, Osuofia. Uwanja wa mpira, Osuofia, pasi! Watoto wadogo ambao hawajaiona filamu nao wakamwita hivyo. Baada ya wiki tatu aliacha kuja Jumamosi. Nilipomwuliza dada yake, aliniambia kijana anakaa ndani, anasema akitoka watu wanamtazama miguu.

Kitu ambacho sikuwaambia wale waliocheka ni siku yangu ya kwanza. Nilivuka Petite Barrière na shangazi yangu, na baadaye tukafika mahali pa kuandikishwa. Walipotaka kunipiga picha, nilifunga kifungo cha shati, nikatabasamu, nikainua vidole viwili kama kwenye studio za Goma siku ya Noeli. Yule aliyeshika kamera akasema, kwa upole kabisa, "Hapa si studio, kaka." Foleni nzima ilicheka. Ilikuwa foleni ndefu. Nilikuwa nimepoteza nyumba siku mbili kabla, na kinachonirudia usiku ni vile vidole viwili.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata ugomvi wetu, nilipeleka filamu yangu mwenyewe kwenye kura. Dada mmoja wa shirika alikuwa nayo kwenye kompyuta yake: The Immigrant, ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1917. Haina sauti, ni fupi, haifiki nusu saa, na ni ya zamani kiasi kwamba hailipiwi. Kabla sijaionyesha niliwaeleza kidogo. Chaplin alizaliwa London mwaka 1889, akakua katika umaskini mkubwa, na yeye mwenyewe alivuka bahari kwenda Marekani. Filamu inaanza melini, wahamiaji wamerundikana, meli inayumba, sahani ya chakula inateleza kwa huyu inakwenda kwa yule. Kisha wanaiona Sanamu ya Uhuru. Wote wanasimama kuitazama, nyuso zimetulia. Na papo hapo maofisa wanawazungushia kamba, kama ng'ombe.

Hapo ukumbi wetu ulinyamaza kwanza. Halafu mama mmoja nyuma akasema, "Eeh, foleni," na watu wakapasuka. Chaplin alipompiga teke ofisa wa uhamiaji, mzee wa Birere alisimama akapiga makofi peke yake. Niliongeza mwishoni kwamba mwaka 1952, Chaplin akiwa melini anakwenda London, Marekani ilimfutia kibali cha kurudi, akaishia kuishi Uswisi. "Kumbe naye alikimbia!" akasema mtu. Si kukimbia hasa, lakini sikubishana.

Nilikuwa nimemwomba dada yake amlete yule kijana. Alisimama mlangoni muda wote, nusu ndani nusu nje, na ndala zake miguuni. Tulipoanza kujadili, alinyoosha mkono. Alikuwa hajawahi.

"Yaya," akaniambia, "mu ile filamu bote ni bageni. Hakuna mwenye anajua. Njo maana hakuna mwenye anamucheka mwengine."

Msichana wa agasobanuye akampinga pale pale: mbona sisi tumecheka? Yeye akafikiri, akasema sisi tumemcheka yule mwenye kamba. Mabishano yakawaka. Kijana mmoja akasema hapana, tumecheka Chaplin anavyotembea, tusijifanye watu wazuri. Mwingine akaleta habari za King Majuto, kwamba yeye alichekesha akiwa mzee bahili nyumbani kwake mwenyewe bila kuhama popote, kwa hiyo si lazima kila kichekesho kiwe cha mgeni. Hilo ni kweli, na linaharibu kidogo hoja yangu yote ya hapo juu, lakini nimeahidi kuandika kilichosemwa. Mimi nilisimama nikasimulia vile vidole viwili. Nilidhani watacheka kidogo kwa heshima. Walicheka kwa dakika tatu, na sasa nina jina langu: Studio. Wafanyakazi wa mashirika msicheke, na nyinyi mna yenu, hamjaambiwa tu.

Mnajua kura iliendaje? Osuofia ilishinda Chaplin kwa mbali. Hata sikuhesabu mikono ya pili. Na mkono wa kijana wa Masisi ulikuwa juu upande wa Osuofia. Nilipomwuliza baadaye kwa nini, alinitazama kama mtu anayemweleza mtoto. Alisema ile ya kwanza ameiona, anaijua, ni ya pili anayotaka, ile ya mwaka 2004, ambapo Osuofia anarudi kijijini na Samantha, yule mchumba Mwingereza wa marehemu ndugu yake, na sasa ni Samantha asiyejua pa kukanyaga. "Ile njo nataka bote baone," alisema.

Sehemu ya pili hatuna. Flash yetu ina ya kwanza tu, tena dakika za mwisho zinakwama. Kama kuna msomaji anayo, awe mkazi au mfanyakazi, tunakutana Jumamosi saa nane mchana. Mwulizeni Studio.