Ugeuzaji wa faili za video kwa DVD

Ugeuzaji huu ni kazi ya kuisimba upya video iliyopakuliwa ili deki ya kawaida iweze kuisoma. Faili za intaneti aghalabu huja kama MP4 yenye usimbaji wa H.264, ilhali DVD-Video, iliyoingia sokoni mwaka 1996, inadai MPEG-2: kwa mfumo wa PAL, unaotumika Afrika Mashariki, pikseli 720 kwa 576 na picha 25 kwa sekunde. Kwa hiyo kubadili jina la faili tu hakufui dafu. Wapo wanaosema deki nyingi husoma hata faili zilizochomwa kama data. Ni kweli, lakini hilo hutegemea chipu ya kila deki. Diski inayocheza kwako huenda ikagoma kwa jirani. Wengine huona faili imevimba baada ya kugeuzwa, wakadhani picha imeboreka. La hasha: MPEG-2 huhitaji nafasi kubwa zaidi kwa picha ileile, na kila usimbaji hupoteza kitu. Diski ya GB 4.7 iliyobeba filamu ya saa mbili huruhusu takriban megabiti 5 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Ukiishindilia saa nne, mtu akikimbia au maji yakitiririka, picha huvunjika miraba miraba. Afadhali kuchoma diski mbili.