Fedha za mashirika madogo ya kijamii, Kibera na Kawangware

Hesabu za zahanati, shule na vikundi vya kijamii katika mitaa hii miwili ya Nairobi husomwa kwa kutazama mapato ya mwaka, nacho ni kipimo kinachodanganya. Uzima wa shirika hujulikana kwa pesa isiyofungwa kwa mradi wowote: mfadhili akinyamaza, italipa kodi, stima na mishahara kwa miezi mingapi? Zahanati ya Tabitha, Kibera, ilitokana na dola 26 (takriban shilingi 2,000 za wakati huo) ambazo muuguzi Tabitha Festo alipewa na Mmarekani Rye Barcott mwaka 2000. Alizifanyia biashara ya mboga, kisha faida ikafungua zahanati. Hakuna aliyemuuliza fungu la mboga liko wapi kwenye bajeti.

Ruzuku za siku hizi huja zimefungwa, tena kwa dola. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130. Ruzuku ya dola 10,000 ilipungua hivyo kwa shilingi 300,000 hivi bila mfadhili kukata hata senti, na mwenye ploti hakupunguza kodi. Kujenga jengo lako ili usilipe kodi pia si kinga. Ardhi ya Kibera kwa sehemu kubwa ni ya serikali, na Julai 2018 matingatinga ya barabara mpya ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata yalibomoa hata shule. Kawangware, ambako ardhi nyingi ina wenyewe, shirika hubaki mpangaji.

Wafadhili husema pesa huru italiwa. Hofu hiyo ina msingi, maana yapo mashirika yanayoishi ndani ya mkoba wa mwanzilishi. Lakini kufunga pesa hakuzuii wizi. Huwafundisha hata waaminifu kuandika kodi ya ofisi kama "mafunzo". Wengine hushauri wakazi walipie huduma, wakitaja vituo vya vyoo na bayogesi vya shirika la Umande Trust huko Kibera, ambavyo watumiaji hulipia shilingi chache. Kwa choo inawezekana, kwa kuwa wateja hurudi kila siku. Msichana aliyedhulumiwa, anayehitaji mtu wa kumsindikiza hospitalini na polisi, hatozwi shilingi kumi mlangoni.